Wenye mashine za pinboli Unguja na Pemba: toeni betri kwenye bodi kabla hazijaila

Fundi Bodi (mleta uzi)

Assalaam alaykum wana jukwaa, na kwa wengine habari za saa hizi.

Kama una mashine ya gololi, ile pinboli yenye vipiga viwili chini na taa kibao juu, iwe ya hotelini, ya klabu au uliachiwa na mgeni aliyehama, fungua kisanduku cha nyuma leo utizame bodi. Ukikuta betri, soma uzi huu mpaka mwisho. Usipokuta betri ila shaba imeota kijani, umechelewa kidogo, lakini soma vilevile.

Niliyonayo mezani hapa Mlandege ni bodi ya Firepower, mashine ya Williams ya mwaka 1980. Imetoka hoteli moja ya kaskazini. Malalamiko yao: umeme ukikatika ukarudi, mashine inawaka taa zote lakini haichezeki, inaonesha namba tu kwenye vioo vya alama. Mlinzi wa usiku kishaigundua dawa. Anafungua kijimlango cha sarafu, anazima, anawasha tena, gololi inatoka. Wakaamini switchi ndiyo mbovu, wakabadilisha switchi. Hali ikabaki ileile.

Switchi haina lake. Betri zimekufa. Mashine za Williams za Sistimu 3 mpaka 7, yaani zile za 1977 mpaka 1984, zina betri tatu za AA zilizokaa juu ya bodi ya ubongo yenyewe. Kazi yake ni kuilisha chipu moja, 5101, pale mashine inapozimwa, ili isisahau mipangilio: mchezo mmoja ni gololi ngapi, alama za juu ni ngapi, mashine idai sarafu au ichezwe bure, na mahesabu ya mwenye mashine. Betri zikifa, bodi inawaka inakuta takataka ndani ya chipu, haiingii mchezoni, inakwenda kwenye ukurasa wa mahesabu. Na kwa kuwa mlango wa sarafu ukifungwa chipu inazuiwa kuandikwa, haiwezi hata kujirekebisha. Mlinzi alipokuwa anafungua mlango alikuwa anaondoa kizuizi bila kujua. Akizima na kuwasha, mipangilio ya kiwanda inaandikwa, mchezo unaanza. Umeme ukikatika tena, hadithi inaanza upya.

Hayo ya mlinzi ni madogo. Nilipoivua bodi, betri ya pembeni ilikuwa imetoa unga mweupe na vibati vya kishikio vimeota kutu ya kijani. Betri za alkali zina potasiamu haidroksaidi ndani. Ikivuja inatambaa chini ya rangi ya bodi, inakula nyuzi za shaba, inaingia kwenye soketi, inapanda hata ndani ya waya. Kwa hewa yetu ya chumvi na unyevu ndiyo inapata mwenzake. Koili ya pinboli inabadilishwa, raba inabadilishwa, taa inabadilishwa, gololi yenyewe unaweza kupata ya beringi yenye kipimo hichohicho. Bodi iliyoliwa ndiyo inayopeleka mashine stoo, na kutoka stoo inakwenda kwa wauza vyuma chakavu. Williams wenyewe waliacha kutengeneza pinboli Oktoba 1999, hakuna wa kumpigia simu Chicago akutumie bodi.

Wenye Bally za mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980 mna balaa zaidi. Zenu hazina AA. Zina kipakiti cha nikeli-kadimiamu cha volti 3.6 kilicholehemiwa kwenye bodi, kinachajiwa kila mashine inapowashwa. Kikizeeka kinamwaga, na kilipo, maji yake yanateremkia kwenye konekta na sehemu inayoiamsha bodi. Ndiyo maana Bally nyingi zinazokuja kwa fundi haziwaki kabisa. Gottlieb za wakati huo zina ugonjwa huohuo. Kama unayo, kata kile kipakiti hata leo kabla hujajua utaweka nini. Mashine itacheza bila hicho, itasahau alama tu.

Dawa ziko tatu. Ya kwanza ni kuhamisha betri: kisanduku cha betri tatu mbali na bodi, chini kabisa ya kasha, na waya mbili. Ya pili ni kapasita, kijidude cha kutunza chaji, kubwa ya faradi moja mahali pa betri, hii wanaipenda wenye Bally kwa sababu bodi yao ina njia ya kuchaji tayari. Ya tatu, ambayo mimi ndiyo ninayoitia, ni kuondoa haja ya betri yenyewe: unatoa 5101 na kuweka kumbukumbu ya kudumu isiyohitaji umeme ili ikumbuke.

Kapasita siipendi kwa mahoteli yetu, na sababu ni Masika. Mashine inayochezwa kila wiki kapasita inaimudu. Hoteli ikifungwa Aprili na Mei, mashine imezimwa, imefunikwa shuka, ukirudi Juni imesahau kila kitu.

Sasa kazi yenyewe. 5101 ni chipu ndogo mno, vyumba 256 vya biti 4, ukijumlisha ni baiti 128. Ina miguu 22 na upana wake ni inchi 0.4, kipimo ambacho soketi yake hapa mjini huipati. Msihangaike. Chukueni ukanda wa vishimo vya mstari mmoja, mkate vipande viwili vya 11. Chipu ya zamani msijaribu kuing'oa nzima. Bodi hizi zina shaba pande zote mbili na vishimo vyake vimepakwa ndani, ukivuta kwa nguvu unaondoka na shaba. Kata miguu yote kwa koleo dogo juu, tupa kiwiliwili, halafu toa mguu mmoja mmoja kwa pasi ya moto na kibano. Vuta risasi kwa pampu. Lehemu vipande vyako viwili. Kwenye Williams tafuta palipoandikwa IC19.

Kibodi, yaani bodi ndogo, chenye kumbukumbu ya kudumu kinachokaa kwenye miguu 22 kinauzwa ng'ambo tayari kimeshaunganishwa, kati ya dola 15 na 30 bila usafiri. Unakichomeka, unatoa betri zote, unafungua mlango wa sarafu, unawasha. Mara ya kwanza itakwenda kwenye namba kama kawaida kwa sababu chipu mpya ni tupu. Unazima, unawasha, kwisha. Hapo panga mambo yako, kisha zima ukanywe chai. Ukirudi mipangilio ipo.

Karibuni wajuzi.

Mwana Kikwajuni

Fundi kumbe vitu hivi vipo Unguja? Mie pinboli naijua ile ya Windows XP, Space Cadet. Tulikuwa tunalipa nusu saa ya intaneti kafe tufungue barua pepe, dakika ishirini zote zinaishia kwenye gololi.

Fundi Bodi

Yakhe hiyo ndiyo iliyowafunza wengi. Hiyo haina betri ya kuvuja, cheza.

Zipo chache, nyingi katika mahoteli na majumba ya watu. Zimekuja na makontena pamoja na samani.

Kipima Volti

Uzi wa kheri, mkuu. Nina swali. Kwa nini mtu ahangaike na vibodi vya dola 20? EEPROM ya 28C64, chipu isiyosahau umeme ukikatika, ina miguu 28, inaingia palepale pa 6264, chipu ya kumbukumbu ya mashine za miaka ya 1990, mguu kwa mguu, na haihitaji betri. Mimi ninazo kopo zima kutoka mashine za ofisi zilizokufa.

Fundi Bodi

Swali zuri, na wapo waliojaribu. Miguu inalingana kweli. Tabia hazilingani.

Kwanza mwendo. RAM, yaani kumbukumbu ya kawaida kama 5101 na 6264, unaiandika na papo hapo imeshashika. 28C64 ukiiandikia baiti moja inaomba muda, mpaka milisekunde 10. Prosesa ya mashine haijui habari hiyo, inaandika na kusoma palepale, inapata jibu la uongo, mchezo unaganda.

Pili umri. EEPROM ya aina hiyo inavumilia kuandikwa mara 100,000 hivi kwa kila chumba. Ungeweza kusema alama za juu haziandikwi mara nyingi kiasi hicho, na kwa 5101 ungekuwa na hoja. Lakini 6264 kwenye Williams za WPC, za 1990 mpaka 1999, ndiyo RAM ya kazi ya prosesa nzima. Hesabu za mchezo unaoendelea, mahali prosesa inapoweka kumbukumbu ya inarudi wapi, yote humo. Chumba kimoja kinaweza kuandikwa maelfu ya mara kwa sekunde. Fanya hesabu wewe mwenyewe kopo lako litakwisha lini.

Kipima Volti

Imeingia. Basi hizo za kudumu zinavumiliaje?

Fundi Bodi

Ziko za namna mbili zinazotumika sana, na hapa ndipo watu wanapoingizwa mjini, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Moja ni FRAM. Inashika data kwa mwelekeo wa chembe za umeme ndani ya fuwele maalumu, haina cha kusubiri, inaandika kwa mwendo wa RAM. Ila kuisoma kunafuta, chipu yenyewe inairudishia palepale, kwa hiyo kila kusoma kunahesabiwa kama kuandika. Ya zamani, FM1608, imeandikiwa kuvumilia mara trilioni 1. Iliyokuja baada yake, FM16W08, ni trilioni 100. Namba zote zinaonekana za kutisha mpaka uzigawe. Chukua chumba kimoja kinaguswa mara 100,000 kila sekunde bila kupumzika. Trilioni 100 inakupa miaka 31 mashine haijazimwa. Trilioni 1 inakupa siku 115. Hiyo ni hesabu ya hali mbaya kabisa, mashine halisi haifiki huko na ziko FM1608 zilizokaa miaka, lakini mimi nikiwa na uchaguzi siweki ya zamani kwenye WPC. Na FM1608 nyingi zinazouzwa sasa kwa bei ya karanga zimeng'olewa kwenye bodi za watu zikapigwa maandishi upya.

FRAM ina shida nyengine ambayo ndiyo inayowatoa jasho mafundi. Inakamata anwani pale tu mguu wake wa kuitwa, CE, unaposhuka. RAM ya kawaida ukiushusha mguu huo ukauacha chini, inafuata anwani zinavyobadilika, haina neno. FRAM haifuati, inakaa na anwani ya kwanza. Mashine ambayo kila mara inaupandisha na kuushusha mguu ule inakubaliana nayo vizuri. Mashine ambayo bodi yake imeuacha mguu ule chini muda mrefu itakupa vichekesho: alama zinaruka, taa hazieleweki, na chipu ni nzima. Kabla hujainunua tizama mchoro wa bodi yako mguu wa CE umeunganishwa na nini.

Namna ya pili ni nvSRAM. Hiyo ni RAM ya kawaida kabisa, na nyuma ya kila chumba kuna kivuli chake cha kudumu. Umeme ukianza kushuka, chipu inatumia chaji ya kapasita ndogo pembeni kunakili vyote kwa mkupuo mmoja kabla haijazimika. Ukirudi inavirudisha. Kusoma na kuandika wakati wa mchezo hakuna ukomo, ukomo uko kwenye kunakili tu. STK12C68, ambayo ni ya baiti 8,192 kama 6264, imeandikiwa mara milioni moja. Umeme ukikatika mara 10 kwa siku, kila siku iliyoumbwa, ni miaka 270 na ushei. Kwa sisi tuliokaa gizani Mei na Juni 2008, na tena Desemba 2009 mpaka Machi 2010, nadhani inatosha.

Mwana Kikwajuni

😂😂 miaka 270 na ushei. Fundi weka akiba mara 20 kwa siku.

Bahili wa Darajani

Kaka Fundi, usinione mkorofi. Dola 20, usafiri, ushuru, kusubiri mtu aje na boti kutoka Dar, halafu uchome bodi ya miaka arobaini kwa pasi. Mie naweka kisanduku cha betri tatu chini ya kasha, waya mita moja, nimemaliza kabla ya adhuhuri. Zikivuja zivujie huko kwenye mbao. Mwenye mashine anabadilisha kila mwaka, basi.

Fundi Bodi

Ukorofi haupo, hoja yako ina miguu. Mtu asiyejiamini na pasi afanye hivyohivyo, ni bora mara mia kuliko kuziacha juu ya bodi. Na bodi iliyokwisha kuliwa pembeni, sitaki kuipa moto zaidi ya lazima.

Ila mambo mawili. Bally ina njia ya kuchaji betri. Ukiweka AA za alkali mahali pa kile kipakiti bila kufanya kitu, bodi itazichaji, na betri ya alkali ikichajiwa inapasuka au inavuja mbio. Lazima uweke dayodi, kijidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kwenye waya wa chanya, 1N4001 inatosha, ncha yenye mstari ielekee kwenye bodi. Williams inayo dayodi yake tayari, lakini ipime. Ikiwa imeungua ikawa inapitisha pande zote, huko ndiko betri za watu zinakomwagikia kila mara wanazilaumu betri.

La pili ni huyo mwenye mashine anayebadilisha kila mwaka. Nionesheni mmoja. Ya Firepower hii tarehe iliyopigwa kwenye betri ilikuwa imepita zamani sana.

Bahili wa Darajani

Hapo umenishika. Hata tochi yangu sibadilishi mpaka izime.

Dada wa Paje

Salamu kaka zangu. Mimi ninasimamia nyumba ya wageni Paje, tunayo Fish Tales, imeandikwa 1992. Kila tukifungua baada ya Masika inaandika kwenye kioo kwamba imerudishwa mipangilio ya kiwanda, halafu inadai sarafu za Kimarekani. Wageni wanakuja mapokezi kuomba sarafu, mimi nitoe wapi? Inabidi niingie kwenye menyu kuiweka ya bure tena, na alama za juu za wageni zimefutika, kuna mmoja anarudi kila mwaka na anaumia kwelikweli. Nayo inafaa chipu hiyo? Na je, ikishawekwa kuna kitu nitakosa?

Fundi Bodi

Dada yangu, hiyo ni WPC, ndiyo nyepesi kuliko zote. Chipu ni 6264, miguu 28, upana wa inchi 0.6, soketi yake unaipata hata kwa wauza vifaa vya redio. Kibodi cha nvSRAM au FRAM mpya kinakaa hapo. Sarafu za Kimarekani utaziaga.

Utakosa kimoja: saa. Mashine za WPC zina saa ya tarehe na wakati ndani ya chipu yao kubwa, na saa hiyo inaendeshwa na betri zilezile. Ukiondoa betri, kila ukiwasha saa imepotea, na mashine inaweza kukulalamikia kwamba tarehe haijawekwa. Mchezo haudhuriki. Kuna mashine chache za ukoo huo zenye mambo ya kufanya saa sita ya usiku, huko mtu atasikitika. Kama wewe saa unaitaka, weka chipu na kisanduku cha betri mbali na bodi, ukitumia AA za lithiamu, hizo kuvuja ni nadra. Mimi ningeiacha saa iende zake.

Dada wa Paje

Iende zake. Paje nani anauliza saa.

Chake Kwetu

Huku Pemba ninayo bodi ya Bally, kasha lake liliishaliwa na mchwa, imebaki bodi na kioo. Kipakiti kimemwaga, pana kijani na weupe kama chokaa. Nilisikia betri ikimwaga unapaka magadi ya soda ile asidi inakufa. Nimepaka, limechemka kidogo sana halafu basi. Niongeze?

Maalim Mstaafu

Mwanangu, usiongeze. Niruhusuni niingie, mimi si fundi, nilisomesha kemia skuli za Wete na Mkoani mpaka nikastaafu.

Magadi ni dawa ya asidi, na betri ya asidi ni ile ya gari. Kipakiti chako cha nikeli-kadimiamu na betri za AA za alkali vyote vina potasiamu haidroksaidi, nayo ni alkali. Alkali juu ya alkali havizimani. Unataka asidi dhaifu: siki nyeupe, au ndimu ukikosa. Hapo ndipo utaona inachemka, maana ule weupe ni kabonati iliyotokana na haidroksaidi kukutana na hewa.

Na kadimiamu ni sumu. Unga ule usiupulize kwa mdomo, usiukwangue mkavu. Roweza kwanza, vaa glovu, na watoto wakae mbali.

Fundi Bodi

Allah akuzidishie Maalim. Naomba niongeze ya upande wa fundi. Siki isikae. Paka kwa mswaki wa zamani, subiri iache kuchemka, sugua, halafu suuza kwa maji safi mengi. Msiogope maji, bodi haina umeme na chipu zilizoko kwenye soketi mmezitoa. Maji ya bomba yetu yana chumvi maeneo mengine, mkipata maji yaliyokenekwa, yale ya kujazia betri za gari (si asidi yake), suuzeni nayo mwisho. Kisha spiriti, kisha jua au feni mpaka ikauke kabisa. Siki ikiachwa nayo inakula shaba.

Soketi na konekta zilizoguswa na maji yale zibadilishe hata kama zinang'aa. Shaba iliyokuwa nyeusi haikamati risasi mpaka uikwangue iwe nyekundu. Chake Kwetu, pima kwanza kama kuna nyuzi zimekatika, hasa kwenye ile sehemu ya kuamsha bodi, kabla hujafikiria kumbukumbu ya kudumu. Bodi isiyoamka haina cha kukumbuka.

Chake Kwetu

Nimewafahamu, Maalim shukrani. Siki ipo, tulikuwa tunaiwekea achari.

Kinanda Kikuu

Jamani mie simo kwenye gololi, mie ni mpiga kinanda wa taarabu. Nina Yamaha DX7, toleo la kwanza la 1983, imepita mikono mingi kabla yangu. Ndani yake kuna sauti nilizozitengeneza mwenyewe, kanuni moja na nai mbili, watu wakisikia wanauliza mpigaji kanuni amekaa wapi. Siku hizi ikiwaka inaonesha betri imeshuka. Nayo nitie chipu ya kudumu?

Fundi Bodi

Kwako hapana. DX7 ina betri ya kidonge ya lithiamu, volti 3, imelehemiwa kwenye bodi. Vidonge vya lithiamu vinakaa miaka mingi na haviharibu bodi kama hizi AA, kwa hiyo sababu yangu kubwa ya kuondoa betri kwako haipo. Toa ile, lehemu kishikio cha CR2032, siku nyengine unabadilisha kwa bisibisi.

Ila ukitoa kidonge, sauti zako zote 32 za ndani zinaondoka, kanuni na nai zikiwemo. Kabla ya kugusa skrubu moja, tafuta kijana mwenye kompyuta na waya wa MIDI azihifadhi zote kama faili. Kama huna kijana, ziandike kwenye karatasi, kila namba ya kila opereta, yaani kila sehemu inayounda sauti. Ni kazi ya kuchosha lakini ziko zitakazookoka.

Kinanda Kikuu

Kijana yupo, ni mjukuu. Nitamtafuta kabla sijamtafuta fundi.

Kipima Volti

Fundi nirudi kidogo. Kuna zile chipu za kampuni ya Dallas, DS1225, nazo za baiti 8,192, miguu 28, zinaandikwa zinahifadhi data bila umeme. Nimeona dukani mtandaoni kama kumbukumbu ya kudumu ya pinboli. Hizo je?

Fundi Bodi

Hizo kimo chake kinene kuliko chipu ya kawaida, umeshajiuliza kwa nini? Ndani kuna RAM ya kawaida na betri ya lithiamu vimefunikwa kwa plastiki. Haivuji, sawa, lakini kiwanda kinaahidi miaka 10 tu, na ukinunua ambayo imekaa dukani miaka mingi unanunua salio. Umehamisha betri ukaificha. Ukiipata mpya kabisa yenye tarehe ya karibuni, haina madhara. Mimi siiweki.

Na kuna jambo moja sijaona mtu akilisema mitandaoni ipasavyo. Umeme wetu hauzimiki kwa adabu, unapepesa. Volti zikishuka nusunusu prosesa inaweza kuandika upuuzi kabla haijafa. Kwa betri, upuuzi huo ulikuwa unafutika betri zikichoka. Chipu ya kudumu inauhifadhi upuuzi kwa uaminifu uleule inaouhifadhi ukweli. Kwa hiyo ukishaweka, pima volti 5 za bodi. Zikiwa chini ya 4.9, badilisha kapasita kubwa za sehemu ya umeme, zile zina umri wa mashine yenyewe. Na transfoma ihakikishwe imefungwa kwa 230. Nyingi zimekuja kutoka Marekani zimefungwa kwa 120 na mtu akaweka kikasha cha kushusha volti pembeni, kikasha hicho ndicho kinachopepesa kuliko hata laini.

Kipima Volti

Kwa hiyo mashine ikianza kufanya mambo ya ajabu baada ya kuweka chipu?

Fundi Bodi

Ingia kwenye menyu, irudishe mipangilio ya kiwanda, panga upya. Ikirudia siku hiyohiyo, mshukiwa ni volti au ule mguu wa CE. Chipu iwe ya mwisho kulaumiwa.

Dada wa Paje

Kaka Fundi nimeshaagiza kibodi, kuna mgeni wetu anakuja nacho kwenye begi. Mashine nzima hatuwezi kuileta mjini, ni nzito na daladala hawatanielewa. Utakuja Paje?

Fundi Bodi

Mashine ibaki. Nahitaji bodi moja tu, ile yenye betri. Zima ukutani, chomoa plagi, piga picha ya kila konekta kabla hujaivuta, halafu toa skrubu za pembeni. Toa betri zote tatu kwanza, hata kama zinaonekana safi. Ifunge kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli, ukikosa funga kwa karatasi ya alumini ya jikoni, uiweke ndani ya boksi la maembe na magazeti. Nasisitiza betri ziwe nje, kwa sababu alumini ikizigusa zikiwa kwenye bodi utafika Mlandege na kitu cha moto mapajani.